Meli ya vita iliyogeuzwa maabara

Umeuliza meli ya vita inahusiana vipi na utafiti wa bahari. Cheki HMS Challenger ya Uingereza bro, hiyo ndo stori yenyewe. Ilikuwa na mizinga 17, wakaing'oa wakabakiza 2 tu, nafasi ikawa ya maabara, mitungi ya spiriti ya kuhifadhia samaki na makilomita ya kamba. Iliondoka Desemba 1872 ikarudi Mei 1876, miaka mitatu na nusu inazunguka dunia, mkuu wa wanasayansi akiwa Charles Wyville Thomson.

Sasa kupima kina enzi hizo hakuna sona (kifaa cha kupima kina kwa mawimbi ya sauti) wala nini, unafunga uzito kwenye kamba unaushusha unasubiri, kina kikiwa kirefu hilo zoezi linakula masaa, na wanalirudia kituo baada ya kituo, vituo zaidi ya 360, mabaharia wanavuta nyavu zimejaa tope la chini kabisa huko, mi nawaheshimu sana hao watu manake majina yao hayatajwi kabisa. Machi 1875 kule Pasifiki, karibu na visiwa vya Mariana, kamba ikashuka pima 4,475, yani zaidi ya mita 8,000!

Na kabla ya hapo wasomi wengi waliamini chini ya mita 550 hivi hakuna kiumbe hai. Wakarudi na spishi mpya zaidi ya 4,000, ripoti ikafika vitabu 50, cha mwisho kimetoka 1895.