Hendikapu Yako Imeshushwa? Soma Kabla Hujamnunia Msimamizi

Msomaji mmoja ameniandikia kwa uchungu. Alishinda michezo kadhaa mfululizo katika klabu yake ya kroketi, mchezo wa kugonga mipira kwa nyundo ya mbao ipite kwenye matao, hendikapu yake (namba ya kiwango cha mchezaji, ambayo ikiwa ndogo ndivyo alivyo bora) ikashushwa, na sasa anapigwa na watu wale wale aliokuwa akiwafunga. Anauliza kama ana haki ya kuikataa. Nilimjibu faraghani, lakini najua wengi wenu mnaopania kupanda kwenye kroketi mtakutana na jambo hili, kwa hiyo nalisema hapa.

Mimi nilianzia hendikapu ya 20, kama wageni wengi wa mchezo huu. Katika shindano langu la kwanza la klabu nilipangwa na mzoefu mwenye 6. Tofauti ni 14, basi nikapewa biski 14, yaani zamu 14 za ziada, na vijiti vyake vikachomekwa kando ya uwanja kila mtu avione. Sikuvionea haya. Kila zamu yangu ilipokatika kabla sijamaliza nilichokusudia, niling'oa kijiti nikaendelea. Mpira wa bluu ukapita tao baada ya tao, mweusi ukafuata, yote miwili ikagonga kigingi cha katikati, pointi zangu 26 za ushindi zikatimia naye hajafika hata nusu. Nikampa mkono. Akaupokea akiangalia pembeni, kisha akawaambia wenzake, mimi nikisikia, kwamba huo ulikuwa ushindi wa vijiti.

Maneno hayo bado yananiuma. Zile biski hakunipa yeye kwa hisani yake. Nilizipata kwa kanuni ile ile aliyoikubali alipojiandikisha. Mwenye 6 anaweza kupita matao mengi kwa zamu moja. Mwenye 20 akipita mawili ameshangilia. Bila biski, mgeni angekaa kitini akitazama mipira minne ikichezwa na mtu mmoja mpaka jua linazama, na wiki inayofuata asingerudi.

Leo hendikapu yangu ni 4, na mimi ndiye msimamizi wa hendikapu, ninayetunza kadi za klabu yetu. Nayasema haya kwa fahari, kwa kuwa kazi hii ina lawama kuliko shukrani.

Kila mchezaji ana kadi, na kadi ina alama. Mkicheza mchezo kamili wa hendikapu, mshindi anaongezewa alama 10 na aliyeshindwa anapunguziwa 10, hata mpinzani awe nani. Watu hulalamika: mbona nimemfunga bingwa nikapata 10 zile zile? Ni kwa sababu biski zilikwisha kuwasawazisha kabla mpira haujapigwa. Mkicheza bila biski, hesabu hubadilika: anayemfunga aliyemzidi sana hupata nyingi, na anayefungwa na aliye chini yake hupoteza nyingi.

Alama zikifika kizingiti, yaani idadi iliyowekwa kwa hendikapu nyingine, hendikapu hubadilika baada ya michezo ya siku hiyo kwisha. Msomaji wangu, hapa ndipo jibu lako lilipo. Ukishavuka, unakaa hapo mpaka alama zipande hadi kizingiti kinachofuata, au zishuke hadi kile cha hendikapu uliyotoka. Kufungwa mara moja hakukurudishi ulikotoka, na ni vizuri hivyo, maana vinginevyo namba ingepanda na kushuka kila Jumamosi. Lakini ukiendelea kufungwa, kadi yenyewe itakurudisha bila kumwomba mtu. Huna la kukataa. Cheza, jaza kadi.

Na ijaze kila mara! Hapa sina upole. Kuna wanaosahau kuandika michezo waliyofungwa ili hendikapu yao ionekane ndogo mbele ya wageni. Wengine husahau kuandika waliyoshinda, shindano la kombe likikaribia, ili wapate biski nyingi. Hawa wa pili ndio wabaya zaidi, kwa sababu wanakula jasho la mtu mwingine. Nimewahi kumshusha mmoja kwa sababu uchezaji wake ulikuwa umeiacha kadi yake mbali sana. Msimamizi ana mamlaka hayo, na kwa mgeni anayekua haraka ni lazima ayatumie asingoje alama. Yule bwana hakunisalimu kwa muda mrefu. Nilivumilia, na nikikutana na hali ile kesho nitafanya vile vile.

Wanaocheza gofu kroketi, aina nyingine ya mchezo huu, wajue kwamba hendikapu yao ni ya peke yake, haichanganywi na hii. Huko hupewi zamu nzima bali pigo la ziada, na pigo hilo haliwezi kukupatia tao. Kanuni hiyo inafanana na ya nusu biski kwa upande wetu: unacheza, unaipanga mipira, lakini pointi hupati.

Sasa, dada yangu, biski zako zimepungua, basi zitumie mapema. Wengi huzihifadhi kwa ajili ya mwisho, mchezo unaisha vijiti vimesimama vilevile. Hata mimi nikitoa biski kwa mgeni, ninachokiogopa ni yule anayeng'oa kijiti mwanzoni kabisa, mipira ikiwa bado imetawanyika, akatumia zamu hiyo kuweka mmoja kwenye tao lake na mwingine kwenye tao linalofuata. Huyo akishaipata mipira yote minne mkononi, mimi nakaa kitini nikingoja akosee. Anayengoja hadi awe nyuma kwa matao kumi hanitishi, maana biski zake zote zitaishia kwenye kukimbizana nami.

Zitumie mapema, narudia. Na usimnunie msimamizi wako. Huenda hajui hata kwamba umeumia. Kabla ya mchezo wako ujao, mwombe mkae na kadi yako, mhesabu pamoja kila mchezo ulioandikwa, na mwulize zimebaki alama ngapi kufika kizingiti cha juu na ngapi kufika cha chini.