Kuni, mkaa na magunzi kwenye jiko moja

SWALI: Fundi ananiuzia jiko la udongo lenye ganda la bati, eti linachoma kuni, mkaa na magunzi. Moshi utapungua kweli? — Mama wa watoto wanne, Iringa

JIBU: Utapungua, dada, iwapo ndani kuna wavu wa kubebea kuni, unaoweza kutolewa. Kuni zikilala juu ya majivu hukosa hewa chini, zikafukuta. Moshi unaanzia hapo. Kwa mkaa, wavu upandishwe karibu na sufuria na mlango wa kuni ufungwe.

Nenda dukani na sufuria yako. Ikikaa kwenye mafiga ya jiko, ibaki nafasi ya kama sentimita 1 kati yake na ukingo wa jiko. Ikigusa ukingo, moshi utarudi mlangoni, na hii ndiyo kasoro tunayoiona mno. Gonga udongo: mlio mzito ni ufa.

Kuni ziwe kavu, zimepasuliwa nyembamba, mbili tatu kwa mara moja, ukizisukuma kadiri zinavyoungua. Magunzi huisha upesi na majivu yake huziba wavu, hivyo tikisa mara kwa mara.

Mkaa usikudanganye kwa kukosa moshi. Hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Usilale nao ndani hata ukiwa umefifia.