Nifanyiwe upasuaji wa mguu nikiwa na miaka 74?

Mama wa Umoja,

Umeniandikia kwamba nundu iliyoota kando ya kidole gumba cha mguu wako wa kulia inakuuma kwa miaka mingi, kwamba binti yako aliyeko Uingereza yuko tayari kulipia upasuaji, na kwamba mwanao wa kiume anasema mtu wa umri wako hana haja ya kukatwa mfupa. Unauliza umsikilize nani.

Umri peke yake haukuzuii. Daktari wa mifupa atajali zaidi kisukari, shinikizo la damu na jinsi damu inavyofika vidoleni, kwa kuwa mguu usiopata damu ya kutosha hupona kidonda kwa taabu. Asipougusa mguu kutafuta mapigo ya damu, wala asikuulize dawa unazomeza, tafuta mwingine.

Kinachonitia wasiwasi ni ghorofa yako ya tatu isiyo na lifti. Mara nyingi katika upasuaji huu mfupa hukatwa, ukanyooshwa na kushikizwa kwa skrubu, na kwa takriban wiki 6 utavaa kiatu maalumu chenye soli ngumu, pengine ukikanyagia kisigino tu, huku uvimbe ukiweza kudumu kwa miezi kadhaa. Nani atakupikia, akuteremshe ngazi siku ya kubadilishwa bandeji, na akushike mkono usiku unapokwenda msalani? Ukianguka ukavunjika nyonga, utaikumbuka nundu kwa hamu.

Umetaja pia kwamba ungependa mguu upendeze kwenye harusi ya mjukuu mwezi Desemba. Hapo, Mama, nakukatalia. Upasuaji huu hufanywa kwa sababu ya maumivu, si sura, na nundu yenyewe huweza kurudi.

Kwanza, jioni mguu ukiwa umevimba kidogo, simama juu ya karatasi, mtu auchore kwa kalamu kuuzunguka, kisha uweke kiatu chako juu ya mchoro. Mstari ukitokeza nje ya kiatu, mpelekee fundi viatu karatasi hiyo akushonee cha ngozi laini, kipana mbele. Hakitanyoosha mfupa, ila huenda kikakupunguzia maumivu. Ukikivaa kwa miezi mitatu na bado unashindwa kufika sokoni, basi kubali upasuaji, lakini kwa sharti kwamba wiki hizo 6 utazikaa katika nyumba ya chini, hata ikibidi iwe kwa huyo mwanao anayepinga.