Mikono kufa ganzi usiku: vidole vyenyewe vitakuonyesha neva inayobanwa

SWALI: Mimi ni mama wa miaka 43, fundi cherehani. Kwa miezi mitatu sasa naamshwa usiku wa manane na ganzi ya mikono, hasa wa kulia. Nikiukung'uta, inapungua. Mchana vidole vinachomachoma nikikata vitambaa. Jirani anasema damu haitembei vizuri. Dukani nimeuziwa vidonge vya vitamini B, nimevimaliza bila nafuu. Nifanye nini?

JIBU: Pole sana, mama. Kwanza tuliondoe suala la damu. Mkono uliokosa damu hupoa, hubadilika rangi na kuuma, wala hautulii kwa kukung'utwa. Maelezo yako yanaelekeza kwenye neva (mshipa wa fahamu) iliyobanwa, na zinazobanwa mara nyingi usingizini ni mbili.

Usiku wa leo ukiamka, usikimbilie kuukung'uta mkono. Gusa vidole kimoja kimoja kwa mkono mwingine. Kama ganzi iko kwenye gumba, cha shahada na cha kati, huku kidole kidogo kikiwa kizima, neva iliyobanwa ni ya kati, na inabanwa kwenye kifundo cha mkono. Kidole cha pete kiguse pande zote mbili: mara nyingi upande unaotazama kidole cha kati huwa umekufa, na upande unaotazama kidole kidogo unahisi kama kawaida. Ukikuta hivyo, huna haja ya kuihangaikia shingo, ambako neva za mkono huanzia. Ila ganzi ikiwa kwenye kidole kidogo na nusu ya cha pete, inayobanwa ni neva ya alna, nyuma ya kiwiko, pale ambapo ukijigonga unahisi kama umepigwa na umeme.

Kwa kazi yako, na kwa jinsi kukung'uta kunavyokupa nafuu, ninaelekea kwenye kifundo cha mkono. Hapo neva hupita kwenye njia nyembamba: chini na pembeni ni mifupa, juu ni utando mgumu usiotanuka, na ndani yake zimo pia kano 9 zinazokunja vidole. Mkasi unaoushika kutwa nzima huzitumikisha kano hizo, ala zake (vifuko vinavyozifunika) zinavimba, na nafasi ya neva inapungua. Usiku tunalala tumekunja kifundo, mkono chini ya shavu au chini ya mto, na shinikizo ndani ya njia ile hupanda.

Tiba ya kwanza ni kulala kifundo kikiwa kimenyooka. Nunua sapoti ya mkono yenye bamba la chuma, ile inayoacha vidole huru. Chomoa bamba ulitazame: nyingi zimepindwa kuelekea nyuma ya mkono. Linyooshe kabla ya kulirudisha, kwa sababu kifundo kikikunjwa nyuma, nacho hubana neva. Funga kiasi kwamba kidole kimoja kinapita chini ya mkanda. Ukikaza sana unaongeza tatizo. Vaa kila usiku kwa wiki 6. Wengi huvaa siku nne, wakaona joto, wakaitupa, kisha wakasema haifanyi kazi.

Kama ni kiwiko, zungushia taulo nene kwenye kiwiko na ulifunge kwa bandeji ya krepu bila kukaza, ili usiweze kukikunja zaidi ya nusu. Mchana acha kukiegemeza kwenye meza ya cherehani.

Kazini noa mkasi, maana mkasi butu unadai nguvu maradufu, na pumzisha mkono kila nusu saa.

Vidonge vile usivirudie kwa kubahatisha. Vitamini B haitanui njia iliyobana, na B6 ikimezwa kwa kiwango kikubwa kwa miezi mingi huumiza neva zenyewe. Ina kazi yake mahali pengine: anayetumia isoniazidi kwa kifua kikuu huihitaji ili kulinda neva, na afuate dozi ya kliniki. Anayetumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka apimwe B12.

Kwa kuwa mikono yako yote miwili imeguswa, pima sukari kabla ya kula asubuhi; 7.0 mmol/L au zaidi, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili, ni kisukari. Omba pia kipimo cha tezi la shingo. Kama una mimba, mwambie daktari: maji ya mwili huongezeka, na mara nyingi ganzi hii huisha baada ya kujifungua.

Nenda hospitali bila kusubiri wiki 6 ukiona ganzi haiondoki hata mchana, sindano inakuponyoka, au nyama ya kiganja chini ya gumba imebonyea ukilinganisha na mkono mwingine. Kubonyea huko huonyesha kwamba msuli unakonda kwa kukosa neva, na ukichelewa huenda usirudi. Daktari anaweza kukuchoma sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, kwenye kifundo (mwenye kisukari aeleze mapema, kwani sukari hupanda kwa siku kadhaa) au kukupa rufaa ya upasuaji mdogo wa kukata utando ule, ambao kwa kawaida hufanywa kwa dawa ya ganzi ya mkono tu.

Ganzi ya ghafla ya upande mmoja, pamoja na mdomo kwenda upande au ulimi kuwa mzito, ni dalili ya kiharusi. Hiyo ni dharura ya saa ile ile, hata kama ni usiku.