Minyoo ya farasi hukatwa malishoni, usitegemee dawa peke yake

Wewe unayeanza kutunza farasi, shika reki na toroli kabla hujashika dawa ya minyoo.

Mimi nilianza kinyume. Kila baada ya miezi miwili tuliwapa farasi wote dawa, kisha siku hiyo hiyo tukawahamishia kwenye malisho mapya. Tuliona ni usafi. Siku moja tukapima kinyesi siku 14 baada ya dawa, tukakuta mayai bado tele. Minyoo iliyonusurika ilikuwa ile sugu tu, na sisi wenyewe tulikuwa tumeipelekea uwanja mtupu ikazaliane bila mshindani. Iliniuma sana, kwa sababu minyoo ikishakuwa sugu hairudi nyuma kirahisi.

Mayai hutoka na kinyesi na kuanguliwa humo humo. Kukiwa na joto na unyevu, ndani ya wiki moja au mbili lava, yaani watoto wa minyoo, wako tayari kupanda majani wakisubiri kuliwa. Basi zoa kinyesi mara mbili kwa wiki, lava wakiwa bado ndani yake. Mgongo utauma, lakini sijaona kazi nyingine malishoni inayolipa kama hii. Usikimwage kinyesi hicho kibichi kwenye malisho mengine. Kirundike kioze hadi kipate joto kali ndani.

Farasi naye hukusaidia ukimwachia nafasi. Tazama uwanja: kuna sehemu anazokula hadi majani yanakuwa mafupi kabisa, na sehemu anazojisaidia, ambako majani hurefuka kwa sababu hayagusi. Ukimbananisha na wenzake wengi, njaa itampeleka huko, na huko ndiko lava wamejaa.

Haro, kifaa cha meno kinachoburutwa kusambaza kinyesi uwanjani, iogope. Kuburuta kinyesi wakati wa unyevu ni kupanda minyoo uwanja mzima. Ukilazimika, subiri jua kali na ukavu, kisha upumzishe uwanja huo wiki kadhaa. Wageni wengi hudhani baridi ndiyo inayoua lava. Lava aliyefikia hatua ya kuambukiza hali kitu, anaishi kwa akiba ya mwilini. Joto humfanya aimalize upesi, ilhali kwenye baridi anaweza kuvumilia miezi. Kondoo na ng'ombe nao ni wasaidizi wazuri, maana lava wengi wa farasi hufia matumboni mwao.

Dawa bado inahitajika, ila pima kwanza mayai kwenye kinyesi. Katika kundi la farasi waliokomaa, takriban mmoja kati ya watano ndiye anayetoa sehemu kubwa ya mayai yote. Huyo ndiye wa kutibiwa mara nyingi zaidi. Kumbuka kipimo hakiwaoni lava waliojificha kwenye ukuta wa utumbo, kwa hiyo farasi anayekonda au kuharisha mwite daktari wa mifugo hata kama mayai ni machache.

Na watoto wa farasi usiwaweke uwanja ule ule kila mwaka. Mayai ya minyoo mikubwa ya mviringo inayowashambulia hukaa udongoni miaka.