Mbegu nilichukua kwenye dalia fupi, mbona zangu zimerefuka?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Niko Arusha. Jirani yangu ana dalia zisizozidi goti, nyekundu na njano, zimejaa maua mstari mzima wa njia ya kuingilia kwake. Mwaka jana alinipa mbegu, nikaotesha, nikapanda nyingine kando ya ukuta na nyingine kwenye ndoo za lita 20, udongo nusu na mbolea ya kuku nusu. Zangu zimefika kifuani, mvua ikipiga zinalala, majani tele, maua ya kuhesabu, tena rangi nyingine kabisa. Viazi viwili vya dalia nilivyonunua nikavipanda Machi vimeoza kabla ya kuchipua. Nimekosea wapi, na nifanyeje nipate kama za jirani?

JIBU: Ndugu yangu, kosa la kwanza si lako, ni la mbegu. Dalia haizai mfano wake. Sisi binadamu tuna seti 2 za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba sifa za urithi. Dalia za bustani zina seti 8, yaani kromosomu 64, na nyuki naye hachagui anatoka kwenye ua gani. Kila mbegu iliyookotwa bustanini ni mmea mpya wenye kimo chake na rangi yake. Mbegu za pakiti za aina fupi kama Figaro ni jambo jingine: hizo zimechujwa mpaka kimo kimetulia kwenye sentimita 30 hadi 40, zinachanganyika rangi tu. Ukichuma mbegu zake na kuzipanda tena, unarudi kwenye bahati nasibu.

Ukitaka dalia ya jirani, omba kipande cha mmea wenyewe. Lakini kabla ya kukata, geuza majani uyatazame. Dalia inaweza kuwa fupi kwa sababu inaumwa. Virusi vya mozaiki, vinavyosambazwa na vidukari, hudumaza mmea na kuacha michirizi ya njano kandokando ya mishipa ya jani. Hakuna dawa, na kipandikizi kinavibeba vilevile. Mmea mfupi wenye majani ya kijani safi na maua mengi ndio unaoutaka. Kisu kifute kwa spiriti kila unapohama mmea.

Chagua chipukizi changa lisilo na kitumba cha ua, urefu sentimita 7 hadi 10. Likate asubuhi, chini kidogo tu ya kifundo cha majani. Tazama mkato: ukiona tundu katikati kama mrija, litupe, maana shina lenye uwazi huoza kabla ya kutoa mizizi. Ondoa majani ya chini, acha jozi moja au mbili za juu. Changanya mchanga mnene na mboji iliyoiva, sawa kwa sawa, lowesha, toboa kwa kijiti, chomeka sentimita 2 hadi 3, bana udongo kwa vidole. Funika kwa chupa ya maji ya lita 1.5 iliyokatwa kitako, kizibo kikiwa wazi, uweke penye mwanga pasipopigwa na jua moja kwa moja. Baada ya wiki 2 hadi 3 vuta jani taratibu. Likikataa kung'oka, mizizi ipo. Kipandikizi hicho kitatengeneza viazi vyake msimu huohuo.

Njia ya pili ni kugawa fungu la viazi wakati jirani anapong'oa. Hapa wengi huteleza kwa kudhani kiazi cha dalia ni kama mbatata. Mbatata ina macho mwili mzima. Dalia macho yake yako kwenye kola, pale shingo ya kiazi inapokutana na shina la zamani. Ni vinundu vidogo kama kichwa cha njugumawe changa, vingine vyekundu kidogo. Kila kipande lazima kiondoke na kola kidogo yenye jicho. Kiazi kinono kisicho na jicho, au kilichovunjika shingo, kinaweza kukaa ardhini miezi kikitoa hata mizizi, lakini hakichipui. Paka majivu kwenye mkato, acha vipande kivulini siku moja au mbili vikauke juu. Hata dukani, kabla ya kulipa, angalia shingo na jicho kwanza, unene usikudanganye.

Sasa ndoo zako. Nusu mbolea ya kuku ni nyingi mno. Ina naitrojeni kali, na naitrojeni ndiyo inayotoa majani mapana na mashina laini yanayolala mvua ikipita. Mbolea za dukani za CAN na urea zingefanya vilevile. Kwa ndoo ya lita 20 changanya udongo wa juu sehemu 2, mboji iliyoiva sehemu 1, mchanga wa mtoni sehemu 1. Toboa matundu 6 hadi 8 ya sentimita moja kwenye kitako na uinue ndoo juu ya vipande vya tofali. Usijaze kokoto chini kama tulivyozoea. Maji hayashuki kwa hiari kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto. Husimama pale zinapokutana, na wewe umeshapandisha tope karibu na viazi. Ndoo moja, mmea mmoja wa aina fupi. Bustanini acha sentimita 35 hadi 40 kati ya mmea na mmea, mistari ipishane ili mapengo yasionekane.

Mbolea ya kukuzia maua subiri mpaka vitumba vionekane. Tumia NPK inayoyeyuka ambayo namba yake ya tatu, yaani potasiamu, ni kubwa kuliko ya kwanza, yaani naitrojeni. Kijiko kimoja cha chakula, kilichosawazishwa, kwenye lita 10 za maji, kila wiki 2, juu ya udongo uliokwisha kulowa. Majivu ya jikoni yana potasiamu pia, lakini hupunguza tindikali ya udongo. Konzi moja kwa ndoo kwa msimu inatosha.

Jua ni jambo la kupima, usilikisie. Dalia inataka angalau saa 6 za jua la moja kwa moja. Chini ya upenu au karibu na ukuta unaokatisha jua la asubuhi, hata aina fupi hujivuta.

Kuhusu viazi vilivyooza: Machi ni mlango wa masika. Kiazi kisicho na majani hakina njia ya kutumia maji, kinakaa tu kwenye tope. Kwa Arusha ningepanga hivi: Machi mwanzoni punguza maji, kata mashina yabaki sentimita 10, ng'oa kwa jembe uma ukianzia mbali kidogo na shina ili usivunje shingo. Hifadhi kwenye boksi lenye maranda makavu, chumba chenye giza na baridi, ukikagua kila wiki 2: kilichosinyaa kinyunyizie maji kidogo, kilicholainika kitoe. Panda mwishoni mwa Mei mvua zikikatika, kina cha sentimita 10 hadi 15, jicho likiangalia juu. Udongo ukiwa na unyevu wa kawaida usimwagilie mpaka chipukizi litokeze. Maua utaanza kuyaona kati ya Agosti na Septemba.

Usishtuke pia ukiona dalia imechoka na kusimama kukua. Kwetu mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na mchana ukishuka hadi hapo au chini yake mmea huelekeza nguvu kwenye viazi. Unapumzika, haujafa.

Hizo ndefu ulizo nazo usizigombe. Zinazotoa rangi ya kukupendeza zihamishie nyuma, zifungie kwenye vijiti, fupi zikae mbele. Mmea ambao bado uko chini ya magoti ukate ncha ukiwa na jozi 3 au 4 za majani, utoe matawi. Aina fupi za kweli, kama zile za Gallery kutoka Uholanzi zenye sentimita 30 hadi 40, hujitawia zenyewe. Ukinunua uliza kimo kwa sentimita. Picha kwenye lebo haina kipimo.

Halafu maua yaliyokwisha yaondoe, maana mmea ukianza kutengeneza mbegu hupunguza vitumba. Watu wengi hukata kitumba kipya wakidhani ni ua lililokufa, kwa kuwa yote ni ya kijani na yamefumba. Kitumba kipya ni cha duara na kigumu, kama kifungo cha koti. Ua lililokwisha limechongoka kama koni, na ukilibana kwa vidole linatoa majimaji. Kata mpaka kwenye jozi ya majani iliyo chini yake, usiache kijiti kitupu.

Kiangazi kagua upande wa chini wa majani. Vidoa vyeupe vidogo na utando mwembamba ni utitiri mwekundu. Upige maji kwa nguvu chini ya majani siku tatu mfululizo. Unga mweupe juu ya majani ni ubwiri unga: ongeza nafasi, mwagilia udongo, si majani.

Kama una ndugu Dar es Salaam au Tanga mjini anayekuomba vipandikizi, mwambie ukweli: usiku wa joto dalia hulegea na maua hupungua. Mpe mbegu za zinia. Hizo zina rangi zilezile na zinavumilia.