Koili kulia si dalili kwamba ni nzima

Swali: Shikamoo fundi. Niko Ohio, nimenunua Ford Model T ya 1924. Linawaka, lakini linamisi, na likipanda mlima linagonga na kuishiwa nguvu. Fundi wa jirani alisema ni kabureta. Nimefunga nyingine, hali ni ileile. Koili zote nne, zile za kutengeneza cheche za plagi, zinalia vizuri. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Kabureta ya zamani usiitupe, huenda haikuwa na kosa lolote. Kila gari la aina hii likimisi, watu hukimbilia kabureta kwa sababu ndiyo wanayoijua.

Washa injini, fungua sanduku la koili, kisha kwa kijiti kikavu bonyeza ulimi unaotetemeka wa koili ya kwanza mpaka unyamaze. Injini ikilegea, silinda hiyo inafanya kazi. Achia, nenda ya pili. Ukifika kwenye koili ambayo hata ukiinyamazisha injini haibadiliki, hapo ndipo penye tatizo. Zima, ubadilishane koili hiyo na ya jirani. Kosa likihama nayo, koili ni mbovu. Likibaki palepale, kagua plagi, waya, halafu taima, kile kifaa cha kugawia koili umeme kwa zamu kilicho mbele ya injini, maana roli yake ikilika hukosa mguso mwendo ukiongezeka.

Sasa hilo la “zinalia vizuri”. Nimelisikia mpaka nimechoka. Mlio unakwambia kitu kimoja tu: umeme unapita na ulimi unacheza. Haukwambii cheche inaruka saa ngapi. Kwenye Model T kila silinda ina koili yake, kwa hiyo koili inayochelewa inachelewesha silinda yake peke yake. Ni kama watu wanne wanaovuta kamba moja, kila mmoja na hesabu yake. Huko kugonga mlimani kunaweza kuwa kumetoka hapo, na kunaumiza beringi na krenki, ambayo kwenye gari hili ni nyembamba na inajulikana kwa kuvunjika.

Koili iliyosetiwa sawasawa, kwenye mashine ya kupimia inayozungushwa kwa mkono, hula takriban ampea 1.3 na kutoa cheche moja safi kila zamu. Zote nne zilingane. Kondensa iliyo ndani, yaani kihifadhi umeme kidogo kilichofunikwa kwa lami, ni ya karatasi, na baada ya miaka mia moja imeshanyonya unyevu. Iondoe, weka mpya ya mikrofaradi 0.47 ya volti 400, ndipo usete. Kuseti koili yenye kondensa iliyokufa ni kupoteza siku.

Wako wanaouza koili “zilizofufuliwa”: mbao imepakwa vanishi, pointi zimepigwa msasa, zimesetiwa kwa sikio. Muuzaji mwulize kila koili inasoma ampea ngapi. Akibabaika, ondoka. Wengine watakushauri ung'oe mfumo wote ufunge distributa, yaani kigawa cheche kimoja cha silinda zote. Mfumo huo uliendesha magari zaidi ya milioni 15 kati ya 1908 na 1927. Ukiwa mzima, unatosha.

Wabaya zaidi ni wanaotaka “kuamsha” sumaku, zile zinazozalisha umeme wa koili, kwa kugusisha waya wa betri kwenye nati ya sumaku, juu ya kifuniko cha giaboksi. Sumaku 16 zilizofungwa kwenye flaiwili, gurudumu zito la injini, zinaweza kupoteza nguvu papo hapo. Kuzirudishia ni kazi ya mwenye vifaa na dira ya kutambua ncha. Asiye navyo asiiguse nati hiyo.